Mwami Alitoa Nini

Kijiji cha Murugina, Ngara
10 Novemba 1974

Mwanangu mpendwa Gozbert,

Salamu za kwanza ni zangu mimi mama yako, nizitoe kabla wenzangu hawajaninyang'anya kalamu. Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua tangu siku ile tuliyobebeshwa milango ya nyumba zetu vichwani. Dada yako Deodata hajambo, anakusalimu, anasema umemsahau. Mtoto wake Zita ameota gego la kwanza na anamng'ata kila mtu kidole. Babu yako anakusalimu, yule mdogo wa baba mkwe wangu, jina lake unalijua, mimi mkwe silitaji. Yeye hajambo kidogo, nitakueleza. Auleria jirani anakusalimu, sasa ni jirani kweli, maana wametupanga kama viazi kwenye tuta, nikikohoa usiku yeye ndiye anayesema pole. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa kwa baridi. Mwenyekiti Privatus naye anakusalimu, anakusifu sana, kila mkutano ni Gozbert, Gozbert.

Na ninyi huko Biharamulo hamjambo? Mkeo Ernesta anakula? Ulikohamia kuna mbu, mnalala vipi? Usivae shati la jana ukienda ofisini. Mimi ndiye ninayeandika mwenyewe barua hii, si Deodata. Mwalimu wa kisomo anasema mwandiko wangu unatembea kama kuku aliyefungwa mguu, lakini unafika.

Sasa sikiliza jambo langu.

Tumehamia kijijini, tumejenga, hilo sina neno nalo. Serikali imesema tukae pamoja, tumekaa. Migomba yetu imebaki kule kwa zamani, nakwenda kuitazama na jua linachomoza, nikifika nakuta nyani wamenitangulia. Hilo pia nalivumilia. Ila hili la kigabiro, Gozbert, limenishinda kulimeza.

Kigabiro unakijua wewe kuliko watu wengi. Pale alipolazwa Mwami Ruhondera, mfalme wa babu zetu, ndani ya ua wake mwenyewe. Nguzo za ua zikachipua, zikawa miti ile mikubwa ambayo hakuna aliyeigusa kwa panga tangu wakati wa Mjerumani. Ukoo wa baba yako ndio uliopewa kupalinda. Marehemu baba yako Ildefonce alikushika mkono mkaenda kufagia majani, ukarudi unatetemeka kwa sababu ulikanyaga fimbo kavu ikalia. Hata watu wa baiskeli walikuwa wanashuka wakifika pale. Hata padre alikuwa anashuka.

Sasa wamechimba vyoo. Mwanangu, vyoo. Mstari mzima, ndani ya kigabiro. Wale vijana wa kuchimba walisema udongo wa pale ni laini. Mahali alipozikwa mtu unategemea udongo uwe mgumu? Telesfori alikuwa akichimba huku anapiga mluzi, akatoa bangili za shaba na shanga na kitu kingine ambacho sitakiandika, wakavitupa kwenye shimo la takataka pamoja na maganda ya ndizi. Watoto wanavaa zile shanga shingoni. Nimemnyang'anya Zita moja, nikaiosha, nikaiosha tena, mkono wangu bado unanuka.

Na nzi! Nzi wa kijani, wanatoka huko moja kwa moja wanakuja kutua kwenye uji. Chakula hakinishuki.

Nilimwendea Mwenyekiti Privatus nikamwambia, baba, hata paka huchagua mahali. Akacheka. Akasema, "Mama Gozbert, usiniulize mimi. Mwami mwenyewe alitoa eneo. Mzee wa ukoo wenu ndiye aliyetuambia." Na kweli, kwenye mkutano wa kuhama alitangaza hivyo kwa Kiswahili mbele ya watu wote, kwamba mzee mlinzi wa kigabiro amethibitisha kuwa Mwami alitoa. Watu wakapiga makofi. Babu yako hajui Kiswahili hata cha kuombea chumvi, akasikia jina lake, akaona makofi, naye akapiga. Na begani alikuwa na blanketi alilopewa na wapimaji.

Sasa watu wanamwita muuzaji wa kaburi.

Wewe ndiye uliyekuwa na wale wageni wa operesheni siku ile walipokuja kupima, ukiwa mkalimani wao. Ulisimama na babu yako pale kigabironi. Niambie, mwanangu, ilikuwaje? Alisema nini? Nijibu upesi, nina donge.

Mimi mama yako,
Melania


Biharamulo
9 Desemba 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea na nimefurahi sana kuona unaandika mwenyewe. Haya ndiyo matunda ya elimu ya watu wazima. Sisi huku hatujambo, Ernesta hajambo, kazi inaendelea vizuri. Nimepewa meza ya peke yangu karibu na dirisha. Wasalimie Deodata, Zita, Babu Bartholomayo, Mama Auleria na Mwenyekiti.

Kuhusu suala la vyoo, mama, naomba uelewe kwamba kampeni ya afya ni ya nchi nzima. Kijiji bila vyoo ni kipindupindu. Harufu itapungua wakimwaga majivu. Mwambie Mwenyekiti ahimize majivu.

Kuhusu mambo ya watemi na wami, huo ni utawala wa zamani ambao uliondolewa. Hatuwezi kuzuia maendeleo ya watu walio hai kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Wageni wa operesheni walifanya kazi yao kwa utaratibu na mimi nilifanya yangu.

Nakutumia dawa ya goti. Pakaza usiku.

Mwanao,
Gozbert


Murugina
20 Januari 1975

Mwanangu Gozbert,

Hatujambo sote, mimi, Deodata, Zita, mbuzi, Auleria ambaye sasa anakohoa yeye na mimi ndiye ninayesema pole. Mvua ni nyingi, maharage yamechanua. Dawa ya goti nimepakaza, imesaidia, ahsante. Mlale ndani ya neti. Ernesta asibebe ndoo nzito za maji, nimeota ndoto, hayo tutazungumza baadaye.

Majivu tumemwaga. Mvua ikaja ikayasomba, na vyoo vikajaa, na vikamwagika. Unataka nikueleze vilimwagikia wapi? Vilimwagikia palepale kwenye mizizi ya mti wa mlangoni, ule ambao baba yako alikuwa anauwekea maziwa. Nimesimama nikatazama. Nimetapika, Gozbert, mbele ya watu wazima, mimi mwanamke wa umri huu.

Lakini si hilo lililonifanya nichonge penseli leo.

Nilikuuliza babu yako alisema nini. Wewe ukanijibu habari za kipindupindu. Nikaona basi, nimwulize mwenyewe. Nikampelekea viazi, nikakaa nje ya mlango wake kwa adabu, nikamwuliza. Akanieleza hivi, naandika kama alivyosema.

Alisema: "Yule bwana mkubwa alinyoosha kidole kwenye miti. Gozbert akaniuliza kwa lugha yetu, Mwami mwenye mahali hapa yuko wapi? Nikashangaa mjukuu wangu kuuliza analolijua, nikasema labda anauliza kwa niaba ya mgeni. Nikajibu, Umwami yaratanze hano. Gozbert akageuka akasema maneno machache. Yule bwana akacheka, akanishika mkono akautikisa. Nikajiuliza, mtu anaambiwa habari ya msiba anacheka? Nikasema labda ndivyo wanavyotoa pole kwao. Wakanifunika blanketi. Nikasema, kumbe ni watu wema, wamekuja kuhani."

Gozbert, mwanangu. Yaratanze.

Wewe na mimi hatuhitaji mwalimu wa neno hili. Mbuzi hufa, mimi nitakufa, Mwami hafi. Mwami hutanga. Ni kweli kwamba neno hilo ukilichukua sokoni maana yake ni kutoa, unamtangia mtu kikapu cha mtama. Lakini ukilisema kwa Mwami, hata mtoto anayechunga mbuzi hawezi kuuliza, ametoa nini? Anavua kofia. Babu yako aliwaambia: Mwami amefia hapa, hapa ni kaburi. Wao wakasikia: Mwami ametoa hapa, chukueni.

Na babu anajitetea, watu hawamwamini. Unajua wanasemaje? Wanasema, "Mkalimani alikuwa mjukuu wako wa damu, amesoma seminari, ati akosee neno la nyumbani kwao? Wewe mzee uliona blanketi." Blanketi lenyewe amelifunga kwa kamba akaliweka juu ya dari, analala na baridi.

Jumapili iliyopita palikuwa na pombe ya ndizi kwa Telesfori, ya ubatizo. Babu alikwenda. Akapewa mrija kama wenzake, akavuta. Alipoupitisha, aliyefuata akachukua jani la mgomba akaufuta mrija. Pole pole, huku anamtazama. Kisha wa pili naye akaufuta. Mzee aliyefundisha nusu ya wanaume wale kufunga ndama. Akainuka akasema ana usingizi, na jua lilikuwa bado juu. Tangu siku hiyo hatoki, na anakula nikimsukuma.

Kwa hiyo sikuombi vyoo tena. Naomba uje. Siku moja tu. Simama kwenye mkutano, sema kwa kinywa chako kile alichosema babu yako. Wewe watakuamini. Mzee hana miaka mingi, asiingie kaburini na jina hilo.

Niandikie siku utakayokuja nikupikie.

Mama yako


Biharamulo
3 Machi 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Sisi hatujambo. Ndoto yako ni ya kweli, Ernesta ni mjamzito. Anakusalimu na anaomba umtafutie ile dawa ya kichefuchefu ya kwetu.

Kuja kwa sasa haiwezekani, ruhusa hazitolewi. Pia barabara ya Nyakanazi imekatika, malori yanalala njiani.

Nina habari nzuri ambayo itamfurahisha babu. Imeletwa barua ya kuomba orodha ya sehemu za kihistoria katika wilaya zetu, ili ziwekewe vibao vya kumbukumbu. Nimependekeza kigabiro chetu na kimekubaliwa. Tafadhali mwulize babu anieleze historia ya Mwami Ruhondera: alitawala kipindi gani, alipigana na nani, alikuwa na wake wangapi, ngoma yake ilikwenda wapi. Uandike tu hata kwa penseli, mimi nitapanga vizuri. Mzee ataona kwamba serikali inamheshimu.

Nakutumia kitenge na miche miwili ya sabuni kwa dereva wa lori la ushirika.

Mwanao,
Gozbert


Murugina
30 Machi 1975

Gozbert,

Hatujambo. Deodata hajambo. Zita anakimbia. Babu yako amekonda. Ernesta mpe pole yangu, dawa yake nimeifunga kwenye kitambaa, aitafune asubuhi kabla hajainuka kitandani, asinywe na chai. Mwambie nimefurahi, nimefurahi sana, na mtoto huyo nimeanza kumwombea.

Kitenge nimekirudisha kwa dereva huyohuyo. Sabuni nimeitumia, nisikudanganye, Zita aliteleza kule vyooni.

Nilikwenda kwa babu yako na maswali yako kama ulivyoniagiza, nikamsomea moja moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ngoma ya Mwami waliibeba mwaka ule serikali ilipoondoa utawala wa wami, wakaitupa stoo na magunia, panya wakaila ngozi, nilikwenda nikaiona, imebaki mzinga mtupu wenye mavi ya panya. Mwandikie hilo. Na habari za vita mwambie ya nini, hapa sasa panatawala nzi. Aandike historia ya choo." Akageukia ukutani.

Nami nauliza, mwanangu: unataka mzee aseme tena ili wewe ugeuze tena?

Nimemwendea Privatus. Nimemkuta anaosha miguu. Nikamwambia, Mwenyekiti, siku ile ulikuwa karibu na gari, ulisikia mwanangu akisema nini kwa Kiswahili? Akasema, "Nilimsikia kwa masikio yangu. Yule mkubwa alikuwa anatazama saa, anasema tumalize hapa twende Kibimba. Gozbert akasema, Anasema Mwami alitoa hapa. Mkubwa akauliza, Alitoa? Alitoa eneo? Gozbert akanyamaza kidogo, halafu akasema, Ndiyo mzee." Nikamwuliza Privatus, na wewe unayejua lugha yetu, hukusema kitu? Akasema, "Mama Gozbert, mimi ni nani nimsahihishe msomi mbele ya mkubwa?" Akaendelea kusugua visigino. Nikatazama yale maji machafu kwenye karai, nikajiambia, mle ndimo tunamoishi.

Gozbert akanyamaza kidogo. Hayo maneno yamenikaa hapa kifuani. Nimeyalaza na kuyaamsha.

Nakuuliza mambo mawili uchague. Ama mwanangu niliyemnyonyesha amesahau neno la nyumbani, amekuwa mgeni kiasi cha kutojua babu yake anapomwambia hapa ni msiba. Ama alilijua, akanyamaza kidogo, akalipima neno na ile kazi ya Biharamulo aliyoahidiwa, akaona neno ndilo jepesi. Nipige magoti niombe lipi kati ya hayo liwe kweli? Nimejaribu kuomba nikashindwa kuanza.

Barua zako zinanifikia safi, karatasi nyeupe, mwandiko umenyooka, nikizifungua nasikia harufu ileile. Nisamehe, lakini ndivyo.

Bado nakuita mwanangu. Njoo.

Mama


Biharamulo
18 Mei 1975

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Ernesta anaendelea vizuri, dawa imemsaidia.

Kibao kimekamilika. Kitazinduliwa siku ya Saba Saba hapo Murugina, mgeni atatoka mbali na siwezi kumtaja hapa. Mimi sitakuwepo. Mama, nakuomba kama mwanao, usizungumze lolote siku hiyo. Kutoa ni kutoa, neno ni neno, kila mkalimani angesema hivyo. Na nikisema leo vingine, wataniuliza mwaka jana nilikuwa nasema nini. Nitakuwa na mtoto wa kulisha.

Babu ni mzee, mambo haya atayasahau. Watu pia watasahau.

Mwanao,
Gozbert


Murugina
9 Julai 1975

Mwanangu Gozbert,

Nakusalimu. Deodata anakusalimu, amelia siku mbili hizi na macho yamevimba. Zita anakusalimu, hajui lolote, anaimba wimbo wa Saba Saba. Auleria anakusalimu, ameniletea uji nisiouomba. Mbuzi wapo. Babu yako anakusalimu. Hii salamu ya babu yako si ya desturi tu, ametamka mwenyewe, nitafika hapo. Mwambie Ernesta asipande ngazi na tumbo hilo, na akisikia mgongo wa chini aende zahanati asisubiri. Mpende, umsikilize.

Sasa nakueleza Saba Saba kabla watu wengine hawajakueleza.

Walifagia. Vyoo wakavizungushia matete mapya na bendera ndogo za karatasi. Kibao wakakisimika palepale mlangoni mwa kigabiro, hatua chache kutoka choo cha kwanza, wakakifunika kitenge. Mgeni akaja na gari, mtu mwenye sura nzuri na sauti ya upole, akasimama kuhutubia, upepo ukageuka. Akatoa leso. Akaendelea kuhutubia habari za wazee wetu na urithi wetu huku leso ipo puani. Wote tuliona. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kisha Privatus akasimama, akasema, "Mheshimiwa, ili uone kisomo kimefanikiwa, kibao hiki hatakisoma mwalimu. Atakisoma mama yetu, mkulima, aliyeanza kushika penseli juzi tu. Na ndiye mama yake Gozbert, kijana wetu wa Biharamulo!" Makofi. Hakuwa ameniambia, alitaka kunifurahisha. Nikasukumwa mbele.

Walipovuta kitenge nikasoma kwa sauti, kwa kidole, kama tunavyofundishwa. HAPA. NDIPO. MWAMI. RUHONDERA. Nikafika kwenye ALIPOTOA, mdomo ukagoma. Nilikuwa nalijua neno lile, herufi zake zote. Yule mgeni akasema, "Endelea, mama, usiogope." Nikamwambia, "Bwana mkubwa, herufi siziogopi. Hili neno hapa ni la uongo."

Privatus akanivuta kitenge kwa nyuma. Nikaung'oa mkono wake. Nikawageukia watu, nikawauliza kwa lugha yetu, "Ninyi akina mama, Mwami akimaliza siku zake hufanyaje?" Wakamtazama Privatus. Nikauliza tena. Auleria akajibu kutoka nyuma, na wanawake wengine wakamfuata kama kwenye litania: aratanga, aratanga. Nikawauliza, "Na mzee wetu alijibu nini alipoulizwa Mwami yuko wapi? Alisema yaratanze. Aliwaambia wageni kuna msiba hapa. Kosa lake liko wapi?"

Mgeni akauliza wanasemaje. Nikamweleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba huyu Mwami alikuwa amekwisha oza mama yangu hajazaliwa, hakutoa eneo kwa kijiji cha ujamaa, hakukijua, na kwamba tunakojisaidia ndiko alikolala. Akatazama vile vyoo na bendera zake. Rangi ikambadilika usoni, akarudisha leso puani. Akauliza, "Nani alitafsiri?"

Mwanangu, hapo palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema sijui. Ningesema karani fulani, amehama. Privatus alikuwa ananitazama, na yeye asingesema. Nilimwona babu yako kwenye benchi la mwisho, peke yake, benchi zima, amekaa wima ananitazama mdomoni, hajui ninachokisema. Nami nikanyamaza kidogo. Nilinyamaza kama wewe, nikaonja ladha yake, na ni chungu, Gozbert. Ni kama kumeza nzi.

Nikasema, "Ni mwanangu. Gozbert Ildefonce, karani wa Biharamulo. Alilijua neno akaligeuza. Mzee hakuuza kaburi, mwanangu ndiye aliyeuza." Mgeni akaandika jina lako kwenye kitabu chake. Nililiona likiandikwa, nimejifunza kusoma ili nilione hilo.

Kibao walikifunika tena. Vyoo bado vipo, wamesema jambo litashughulikiwa, unajua wanavyoshughulikia. Lakini hakuna anayeingia. Watu wazima wanakwenda migombani na majembe, kila mmoja anajifanya hamuoni mwenzake.

Baada ya gari kuondoka, wanaume walikwenda kwa babu yako. Telesfori alitangulia. Walikaa nje kwake kimya mpaka wengine wakaanza kuona aibu hata ya kukaa. Walipotawanyika mzee akaniita, mimi nikasogea mlangoni nikainamisha macho. Nilidhani atanishukuru. Akaniuliza, "Ulitaja jina la Gozbert?" Nikasema ndiyo, baba. Akakaa. Akasema, "Msalimie sana. Na sasa Gozbert atakula wapi?"

Nilikwenda nyumbani nikajifungia nikalia kwa sauti kama aliyefiwa, Auleria akabisha mlango nikamwambia ni jino.

Sijui watakufanya nini huko. Huenda barua hii ikakukuta umekwisha itwa. Umenichukia, najua, na haki unayo. Sitakuomba radhi, maana nikiomba radhi mzee atarudi kuwa muuzaji. Lakini mimi nilikuzaa na bado nakuzaa. Migomba ya kule kwa zamani inahitaji mwanaume wa kuifukuzia nyani. Kitanda chako nimekitandika, na cha Ernesta, na mahali pa mtoto nimepapiga lipu jana. Watu wakikutazama vibaya, utatazamwa ukiwa nyumbani kwa mama yako.

Dereva wa ushirika anageuza Alhamisi. Mpe hata mstari mmoja, mwanangu, hata wa kunitukana, mradi nione umeuandika kwa mkono wako. Usichelewe.

Mama yako,
Melania